Nilivyomfanya Tata Maskini

Jumapili, Lanet. Manyunyu tangu asubuhi, nguo ziko kwa kamba na sina haja nazo. Kanisani sikuimba hata wimbo mmoja.

Nina aibu. Wacha niseme hivyo tu kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Kazi yangu ni kutafsiri. Wanahabari wa nje wakija Nakuru au Naivasha, mimi ndiye nawatafutia watu wa kuhoji, kisha nakaa katikati yao nikigeuza maneno. Mwaka juzi nilimtembeza Pieter, mtangazaji kutoka Uholanzi. Kwa miaka mingi amekuwa akiieleza Kenya kwa watu wa kwao kupitia redio, na wakati huo alikuwa anaandika kitabu. Alitaka kuona nyumba ya mkulima wa kawaida. Tulizunguka siku mbili bila kupata mtu wa maana, miguu ikafura. Siku ya tatu nikaona yasiwe mengi, nikampigia simu Tata, dadake mama, nikampeleka Pieter kwake kule Longonot.

Sasa, Tata si maskini. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, tangi la maji, shamba la viazi, na sebule ambayo kila kiti kina kitambaa alichofuma mwenyewe. Siku hiyo alikuwa amechinja jogoo na kupika chapati za kutosha harusi. Lakini tulipoketi akafanya vile mama yeyote wa kwetu hufanya mgeni akiingia. Akakunja mikono, akatazama chini, akasema, "Mtatusamehe wageni, hapa hatuna kitu. Ni chai tu."

Nani hapa hajui maana yake? Maana yake ni legeza mshipi, leo utakula.

Mimi nikatafsiri neno kwa neno: anasema hawana kitu. Hapo bado lilikuwa kosa la uchovu. Pieter akaandika haraka haraka. Chakula kikaletwa, kikajaza meza, naye akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo ametupatia kila alichobaki nacho?"

Nikasema ndiyo.

Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema, hapana, hiyo ni heshima tu, sisi husema hivyo. Sekunde tano hivi. Lakini macho yake yalikuwa yamelowa, alikuwa amepata kile alichokuja kutafuta, na nilitaka aone mimi ndiye nimempatia. Njiani akaniambia hajawahi kufanya kazi na mtafsiri mzuri kama mimi. Nilitabasamu mpaka Nakuru.

Habari ikatoka kwa redio yao. Pieter akaniandikia kwamba wasikilizaji walilia, na mama mmoja alitaka kujua Tata anavaa viatu saizi gani. Nilicheka, nikafuta ujumbe.

Sasa kitabu kimetoka, hata kwa Kiingereza, na nimetumiwa nakala mbili. Tata amepewa sura nzima. Jogoo ni wa mwisho. Vitambaa vya viti ni vya kufunika umaskini. Yeye mwenyewe ni mjane anayewapa wageni chakula chake cha kesho. Na kule nyuma, kwa shukrani, kuna jina langu.

Mama akamwambia Tata kuna kitabu. Wueh! Tata ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kanisani kwao, na jana, Jumamosi, aliwaalika wote waje kusikia. Walikuja kumi na wawili. Tata alikuwa na kitambaa kipya kichwani. Nikawekwa katikati niwageuzie hicho Kiingereza.

"Wangari, soma polepole," akasema. "Hawa wasikie."

Nikafungua ukurasa, nikaona huyo jogoo wa mwisho, na nikabuni. Nikasoma vitu ambavyo havipo. Kwamba mzungu hajawahi kula chapati laini hivyo. Kwamba ng'ombe wa Tata wanang'aa. Kwamba Uholanzi yote sasa inamjua mama mmoja wa Longonot anayejua kukaribisha watu. Wakapiga vigelegele, na Tata akapangusa macho kwa leso.

"Huyu ni msichana wangu," akawaambia. "Huyu ndiye alimwelezea mzungu."

Aki nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kisha akachukua kitabu akakiweka kabatini, mbele ya vikombe vya wageni. Wiki ijayo shule zinafungwa, na mjukuu wake Shiro anakuja. Huyo yuko kidato cha tatu, Kiingereza anakisoma kama maji. "Shiro atanisomea tena," Tata akasema.

Leo baada ya kanisa nimempigia simu. Hata hapo nimeanza kwa woga, eti Pieter ameandika vibaya. Halafu nikachukua ile nakala iliyobaki kwangu, nikamsomea ile sura yote vile ilivyo. Nilipomaliza akauliza:

"Huyo mzungu alikuuliza?"

"Aliniuliza, Tata."

"Na ukamwambia ni hivyo?"

"Nilimwambia."

"Basi wachana na mzungu wa watu."

Nikalia. Nikamwambia nakuja kesho asubuhi nichukue hicho kitabu, na nitamwandikia Pieter arekebishe.

"Mwandikie, hiyo ni yenu wawili," akasema. "Lakini hii kitabu haitoki hapa. Jumamosi nitawaita kina mama tena. Utakaa hapo ulikaa jana, na utawasomea vile imeandikwa. Mimi nitakuwa kando yako."

"Tata, si watakucheka?"

"Mimi wananijua," akasema. "Ni wewe hawajakujua."

Nimekubali. Zimebaki siku sita, na nimejaribu mara mbili kuisoma ile sura kwa sauti, peke yangu hapa jikoni, na sijafika mwisho. Kwa simu sikuwa naona uso wake. Mbele ya Tata na kina mama wote nitawezaje?