Nani Awashe Taa ya Sukmaya

Kwa Mheshimiwa Shemeji Norsang,

Kwa heshima kuu, nakuandikia kuhusu taa ya siagi ya marehemu mke wangu Sukmaya, dada yako, tutakapowakumbuka waliokufa katika tetemeko, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Baisakh.

Kila mwaka huiwasha Jitbir, aliyewahi kumposa, kisha hufumba macho kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Mwaka jana nilimzuia. Alinijibu mbele ya kijiji kizima: "Kaka, siku ile wewe ulikuwa kazini Katar. Mimi ndo nilimfukua kwenye kifusi kwa mikono hii."

Nakiri kwamba vidole vyake viwili havijanyooka tangu siku ile. Hata hivyo, mume ni mimi.

Naomba uamue nani aiwashe mwaka huu.

Wako mtiifu,
Harkaman Tamang