Bei ya Kukata Nyasi

Nyumbani, 6 Februari

Kaka mpendwa,

Salamu zinakuja, usinione nimekosa adabu. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kwa hiyo acha nitangulize jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Tangu uliponiachia mashine ya kukata nyasi sijataja bei. Hata mara moja. Mtu akiniuliza, "Ni kiasi gani?" natazama magurudumu, kisha nasema, "Utakachoona kinafaa."

Haya, sasa shikamoo. Hujambo huko? Kifua kimepona? Wanakupa muda wa kula au unakula umesimama? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, cherehani yake inaunguruma tangu asubuhi, na bado ananiita Kamusi mbele ya wateja wake, nami naona aibu ileile ya siku zote.

Kaka, nimegundua kitu. Mtaani kwetu hakuna wateja. Kuna shangazi, mama mkubwa, babu na mjomba, na hakuna hata mmoja ambaye ni ndugu yetu kwa damu. Mtu akiniita "mwanangu", malipo yanashuka nusu. Akiniita "mjukuu wangu", najua nitatoka na pakiti ya biskuti zilizovunjika, kama alivyofanya mwenye duka. Nesi wa nyumba ya kona alinipa chai na pole. Chai ilikuwa tamu. Lakini mashine haiendi kwa chai.

Uliniambia kwamba mashine ikiweza kulisha watu wawili utaacha kazi ya ghalani urudi, ukate nyasi mitaa yote ya chini siku za wiki, nami nishike Jumamosi. Usiku nageuka na neno hilo mpaka shuka linanifunga miguu. Darasani naandika tarehe, naisahau, naiandika tena. Nifanyeje ili mdomo ufunguke?

Usinijibu kwenye simu ya mama. Unajua anavyoiwekea sauti kubwa, halafu anakujibu yeye.

Mdogo wako


Ghalani, 15 Februari

Kamusi wangu,

Marahaba, na zaidi. Barua yako imefika na doa la petroli, nikainusa kabla ya kuisoma. Nimecheka mpaka jamaa wa kitanda cha juu akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata mdogo wangu anayekata nyasi kwa biskuti.

Mimi sijambo. Kifua kimetulia, kiuno ndicho kimechukua zamu. Tunalala wanne chumbani, dirisha halifungiki, na msimamizi anatuamsha kwa filimbi kana kwamba sisi ni wachezaji na yeye ndiye refa. Nimwachie Mungu.

Sasa sikiliza. Kosa lako ni kwamba bei unaiacha mpaka kazi iishe. Gauni mteja asipolilipia, mama anabaki na gauni. Wewe unabaki na nini? Nyasi zikishalala hazisimami tena ili mpatane. Kwa hiyo bei kwanza, kamba baadaye. Hamjakubaliana, usivute kamba ya mashine, hata akikuletea kiti.

Na mtu mzima akikuita mjukuu, itika. Si tusi. Sema, "Naam, babu, ni elfu tatu." Undugu uuitikie, bei uitaje, havigombani hata kidogo.

Jambo moja la kweli. Msimamizi anataka jibu kabla mwezi wa nne haujaingia: nitie saini mwaka mwingine au nifungashe. Ukitia saini hutoki mpaka mwaka uishe, hakuna likizo. Kwa hiyo tafuta bei, uishi nayo wiki chache, kisha uniambie kama inatosha wawili. Mama nikimuuliza atasema "rudi tu mwanangu, Mungu atatoa". Wewe hujui kuongeza chumvi. Nitaamua kwa neno lako.

Kaka yako


Nyumbani, 3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kiuno kimekuachia. Sisi wazima, isipokuwa mama ana mafua na amekataa kuyaita mafua.

Nimetafuta bei kwa njia niliyoiona ya haki kuliko zote. Nilichukua futi ya mama ya kushonea nikapima viwanja vyote tunavyokata, urefu kwa upana. Futi ni fupi, kwa hiyo nilitambaa nikichomeka vijiti. Mwenye duka alisimama mlangoni akamwita mama kwa sauti: "Fundi! Mwanao anaushonea uwanja wangu suruali?" Watu walicheka. Nilitamani kuingia chini ya nyasi, lakini nilimaliza kupima.

Kisha niliandika bei kwenye kipande cha boksi nikakifunga kwenye mpini wa mashine, ili mdomo usihusike. Uwanja mkubwa, bei kubwa. Mdogo, ndogo. Niliona nimemaliza kazi.

Uwanja wa nesi ni mkubwa kuliko yote, umenyooka kama mkeka. Alisoma boksi langu mara mbili, miwani juu, miwani chini.

"Kwa hiyo mimi ninayekupa chai ndiye ninayetozwa kuliko wote?"

"Ni vipimo, shangazi."

"Vipimo hata mimi napima, mwanangu. Napima watu joto kila siku, na siwatozi kwa urefu wao."

Akafunga geti. Hakufunga kwa hasira, alifunga polepole, na hilo liliniuma zaidi. Wiki ile akamwita mtu mwingine, akaja na fyekeo.

Nikaenda kwa mwalimu mstaafu, yule aliyekufundisha hesabu akakuvuta sikio. Uwanja wake ni kama leso tu, elfu moja kwa vipimo vyangu. Lakini una vyungu vya maua pande zote, nguzo za kamba ya nguo, mawe aliyoyapanga mwenyewe, na mti mdogo usiotaka kuguswa. Kila hatua mbili ninasimama, nageuza, narudi nyuma, nachuchumaa. Tangi lilikauka kabla sijamaliza, nikaenda kununua petroli nyingine kwa pesa yangu. Mchana wote ulikwisha pale. Alipolipa alisema, "Kwa bei hii njoo hata kila siku."

Nilisema asante. Kaka, nilisema asante! Nilitembea kutoka kwake mpaka shuleni na kurudi, bila shughuli yoyote, kwa sababu sikuweza kukaa.

Mdogo wako


Ghalani, 11 Machi

Kamusi,

Natumaini mafua ya mama yamekubali jina lao. Mimi mzima, lakini situlii. Jana nilikunja nguo nikazitia kwenye begi, leo nimezikunjua. Jamaa wa juu anasema nimekuwa mke wa baharia, kufunga begi na kulifungua. Msimamizi ameuliza tena.

Kuhusu bei. Hapa kuna maboksi makubwa ya magodoro ya sponji, tunayabeba tukiimba. Halafu kuna kiboksi kama cha viatu, kimejaa misumari. Hicho ndicho kinachotuvunja mgongo. Usiuze ukubwa. Angalia mashine inakochoka. Ikienda mbele haichoki, inachoka ikigeuka.

Andika haraka. Nasubiri neno lako, la kweli.

Kaka yako


Nyumbani, 24 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mama amepona, anakusalimu, hajui ninaandika nini.

Nimetupa lile boksi. Sasa natoza kwa petroli. Nikiwa nimekata mahali mara moja, najua mashine imekunywa kiasi gani, na bei inatoka hapo, pamoja na kunoa kisu na jasho langu. Kwa mujibu wa hesabu hiyo nesi alistahili kulipa nusu ya nilichomwandikia, na mwalimu mstaafu mara tatu. Maana yake nilipaswa kugonga mageti mawili na kusema nimekosea. La nesi sijaligonga bado. Napita mbele yake haraka kama mwizi.

Kwa mwalimu nilikwenda. Nilipanga maneno njiani, yakapotea yote alipofungua.

"Bei imebadilika, mwalimu."

"Imebadilika au umeibadilisha?"

"Nimeibadilisha. Ile ya kwanza nilikosea."

"Ulijua lini kwamba umekosea?"

"Siku ileile. Nikiwa kwenye vyungu."

"Mbona hukusema? Ulisema asante."

"Niliogopa utachukia."

Alinitazama kama anasahihisha daftari. "Kwa hiyo ulinidanganya ili nikupende."

Niliushika mpini wa mashine. Kisha nikasikia sauti yangu inasema, "Ni elfu tatu, mwalimu. Ukivihamisha vyungu mwenyewe, elfu mbili."

"Ala! Unanipa adhabu nyumbani kwangu?"

"Ni hiari, mwalimu."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akakunja mikono ya shati akavihamisha, kimoja kimoja, akilalamika kwa sauti ili majirani wasikie jinsi watoto wa siku hizi walivyo. Nilivuta kamba baada ya chungu cha mwisho.

Lakini neno lake halijanitoka. Kaka, nilikuwa nimeshakuandikia barua nyingine. Ilisema inatosha wawili, inatosha na kubaki, rudi. Nilikuwa nimeitia kwenye bahasha na kuandika jina lako juu, na siku mbili nimetembea nayo kwenye mkoba wa shule. Nilikuwa nitaituma ili ufurahi, na mimi nifurahi, kisha hesabu tungeikuta mbele ya safari. Ni asante ileile niliyomwambia mwalimu. Nimeichana.

Hii ndiyo kweli. Mashine inalisha mtu mmoja na nusu, na hiyo nusu ni mimi nikila kidogo. Wakati wa jua nyasi zitaacha kuota na itashuka zaidi. Labda mwakani, tukipata mitaa ya chini. Sasa hivi haitoshi wawili.

Natamani urudi. Hilo nalo ni kweli, ila haliingii kwenye hesabu.

Mdogo wako


Ghalani, 19 Aprili

Kamusi wangu,

Nisamehe kwa kimya. Ninyi hamjambo? Mama? Mimi ni mzima wa afya.

Nimetia saini. Mwaka mzima. Sikutaka kukuandikia hasira zikiwa bado moto, maana zingekuangukia wewe na wewe hukufanya kosa. Nilikasirikia filimbi, dirisha, sponji, kila kitu. Jamaa wa juu akanipisha kitanda chake siku mbili nilale kwa amani, kisha akakidai.

Ungeniambia inatosha ningekuja kesho yake. Na mwezi wa sita tungekuwa tunatazamana juu ya sahani moja, kila mmoja akijifanya ameshiba. Kwa hiyo asante, ingawa imeniuma. Mwambie mama nitampigia mwenyewe, usibebe wewe mzigo huo.

Mashine ni yako. Sisemi uitunze, nasema ni yako. Bei upange wewe, wa mitaa ya chini uwatafute wewe, na mtu akikuuliza mwenye kazi ni nani usinitaje.

Nina ombi dogo. Chini ya kitanda changu kuna buti zangu za kazi. Nitumie. Za hapa wanatuuzia kwa kukata mshahara, na mvua imeanza kuingia ghalani.

Kaka yako


Nyumbani, 2 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imetukuta wazima. Mama ameshazungumza nawe, kwa hiyo mengine unayajua. Baada ya simu alishona mpaka giza likaingia, hakuniita Kamusi, aliniita kwa jina langu, kisha tukala.

Buti hazikuwa chini ya kitanda. Zilikuwa miguuni mwangu. Nilikuwa nazivaa tangu Februari, nimejaza vitambaa vya mama mbele ili zisinivuke. Sikukuambia kwa kuwa nilidhani utarudi kabla hujazihitaji.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni. Kisha nilitoa vitambaa, nikakwangua nyasi zilizoganda kwenye soli kwa kijiti, nikaziosha na kuziacha dirishani mpaka zikakauka. Upande wa kushoto kamba ilikuwa imekatika, nikatia nyingine. Nilizifunga kwenye gazeti. Karani wa posta aliuliza kuna nini ndani, nikamwambia, akazipima, akanitajia gharama. Nilimwambia ni ghali. Akasema ndiyo, akaendelea kuniangalia. Nikalipa.

Njiani nikirudi nilipita kwa nesi na safari hii sikukimbia. Niligonga. Nilimwambia nilikosea vipimo, na kwamba bei yake ni nusu ya ile niliyoandika. Alisema ameshapata mtu wa fyekeo na hawezi kumfukuza. Nikasema sawa, shangazi. Hakunikaribisha chai, nami sikukaa.

Jumamosi nilikwenda mitaa ya chini. Nyumba tatu zilikataa. Kwenye ya nne alitoka seremala mmoja ambaye hanijui, hakuniita mwanangu wala mjukuu, aliuliza tu ni kiasi gani. Nilizunguka uwanja wake mara moja, nikahesabu kona, nikamtajia. Aliguna. Nilisubiri. Akaenda kufungua geti.

Nilikata nikiwa na viatu vya shule, kwa kuwa sina vingine. Vimegeuka kijani kwenye ncha. Jumapili nilivisugua, havikutakata, na Jumatatu nikavivaa nikaenda shule.

Mdogo wako