Walipiga Makofi Tu

Gisenyi, 4 Februari 2024

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Sisi wazima, ila baridi ya asubuhi inatusumbua.

Nimekasirika, na huku sina wa kumwambia. Unamkumbuka Gasana, mwenyekiti wa ushirika wetu, yule niliyekuambia akiingia mahali hata aliyefiwa atacheka. Wiki iliyopita aliwaita wote wanaouza sambaza, hawa dagaa wa ziwa letu, akawaeleza kuwa vichanja vyao vya kukaushia samaki viondoke ufukweni, vihamie nyuma ya soko, ili pale pajengwe baa ya watalii. Aliongea saa nzima. Kila mama alimwita kwa jina la mtoto wake. Wakampigia makofi mpaka basi.

Sasa mimi katibu natakiwa niandike kwenye muhtasari kwamba wamekubali, kisha nisaini. Nilikuwepo. Hakuna aliyeulizwa. Na sambaza wakipandishwa mpaka sokoni kabla ya kuanikwa, nusu wataoza njiani.

Mara tatu nimeingia ofisini kwake kukataa, mara tatu nimetoka nikicheka na soda mkononi. Sisaini, Mama mdogo. Ila sijui namna ya kusema naye.

Mtoto wako,
Kayitesi

Kigoma, 13 Februari 2024

Mwanangu Kayitesi,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, siudekezi.

Nilifanya kazi bandarini miaka kumi na tisa chini ya mtu wa namna hiyo, kwa hiyo nisikilize. Usimfuate ofisini, mkiwa wawili atakushinda kila siku. Usimpelekee karatasi ndefu, hatasoma. Na usimwone mwongo: anayoyasema anayaamini wakati anayasema. Mtu huyo anapenda watu, na anapenda kupendwa mbele yao. Basi kutana naye hapo hapo mbele yao. Msifu kwanza, tena kwa kweli, halafu mwombe jambo moja fupi asiloweza kulikataa bila kuonekana mdogo. Ukishaomba, nyamaza. Kwa kununa kwako tangu utoto, hilo halitakushinda.

Mama mdogo wako,
Mukundwa

Kigoma, 9 Machi 2024

Mwanangu,

Hujambo huko? Karibu mwezi sasa, kimya. Nimekaa nawaza kwamba nimekutuma vitani. Kazi siku hizi haiokotwi. Ukiona mambo yamekuwa mabaya, saini tu, Mungu anaona.

Mama mdogo wako

Gisenyi, 18 Machi 2024

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, nilikuwa nasubiri siku ya mkutano wa ushirika. Mimi mzima. Sikusaini, wala usinishauri hivyo tena.

Nilisimama mbele ya wote nikasema hakuna anayejua kuongea na watu kama Gasana, na ni kweli. Nikamwomba awaulize yeye mwenyewe, mmoja mmoja kwa jina, nami niandike. Nikakaa. Alifurahi. Akaanza na Languida, mkongwe wa wauzaji, akamtania kidogo. Languida alimngoja amalize.

“Prezida, mi nilipiga makofi sababu unasema muzuri,” akasema. “Kuhama, hapana. Andika.”

Nikaandika. Wa pili naye hapana. Kufika wa kumi utani ulikuwa umemwishia, lakini aliwaita wote thelathini na wawili, maana asingeweza kuacha katikati. Ishirini na tisa walikataa. Vichanja vimebaki.

Jumatatu iliyopita akaniita. Alikuwa mchangamfu kama kawaida. Akanisifu mno, akasema kipaji changu kinabanwa na ofisi ndogo kama hii, akanisogezea barua ya kuacha kazi iliyokwishaandikwa kwa jina langu. Mama mdogo, nilikaribia kumshukuru. Kalamu nilikuwa nimeishika.

Nikaiweka chini. Nikamwambia kama anataka niondoke, anifukuze kwa saini yake mwenyewe. Akacheka, mimi nikamrudishia barua upande wake. Alicheka peke yake kwa muda, kisha akageukia dirishani.

Leo ni wiki nzima. Barua iko mezani kwake, haina saini ya mtu, na kila siku saa moja asubuhi ni mimi ninayefungua ofisi.

Mtoto wako,
Kayitesi