Mkono Niliouweka Juu ya Mzigo

Assalaamu alaykum, Kaka Makame. Shikamoo. Marahaba yako nitaihesabu kuwa nimeipata.

Nakuandikia mie mdogo wako Khamis, mtu ambaye bila yeye hakuna bomba hata moja lingefika kwenye mitambo ya gesi kule baharini. Hilo wenye mitambo wanalijua. Meli zetu za huduma ndizo zinazowapelekea kila kitu, mabomba, makontena, maji, mpaka unga wa wapishi wao, na hakuna mzigo ulioondoka sitahani bila kupita kiganjani mwangu. Mtu akiwasha taa leo huko Dar es Salaam, ajue kuna mkono wa Khamis wa Mpendae. Ilifaa wauandike kwenye nguzo za umeme. Lakini watu hawana shukrani.

Najua barua haikufikii. Kinachofika ni dua, na dua yako naiomba kila baada ya sala, hilo usiwe na wasiwasi. Lakini haya ya leo si ya dua, ni mashitaka, na mtu hawezi kuinua mikono mbele ya Mola wake akaanza kumshitaki mtoto wa kakake. Ndiyo nikachukua daftari la mwanangu la hesabu, nikageuza nyuma.

Kaka, binti yako kanifelisha.

Zuhura. Huyo huyo niliyembeba mabegani sikukuu ngapi mpaka shingo yangu ikapinda, na mpaka leo nikitazama kushoto lazima nigeuke mwili mzima. Kanifelisha mbele ya watu kumi.

Nikueleze tangu mwanzo, maana mambo yamebadilika tangu utuache. Zamani zetu tulikuwa tunapanda meli kwa kitabu cha ubaharia na neno la serahangi, mkuu wa mabaharia. Ukisema weye, "Huyu mdogo wangu, namjua," basi, mtu anapanda. Sasa wenye meli wanataka kila anayegusa shehena awe amefunzwa, ana kadi yenye picha yake. Huna kadi, utasimama getini kama muuza ubuyu. Na anayefundisha ni Zuhura. Alipomaliza chuo akafanya kazi melini miaka yake, karudi na kofia ngumu nyeupe, na darasa kapewa ghorofani katika nyumba kongwe pale Malindi, ngazi zake utadhani unapanda mlingoti. Nikawekwa kiti cha mbele. Nilidhani kwa heshima. Kumbe kwa sababu ubaoni sioni.

Siku ya kwanza kaniita, "Bwana Khamis." Nikaitika, "Naam, mwanangu." Darasa likacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Humu ndani mimi ni mwalimu. Nje nitakubusu mkono." Na kweli tulipotoka akanibusu mkono mbele ya wote, hasira zangu zikakosa pa kukaa.

Siku nne anatufundisha kuogopa, kaka. Mzigo usinyanyuliwe mpaka uzito wake usomwe, na mie nshazoea kuupima kwa jicho tangu hao wenzangu hawajazaliwa. Mikanda ya kunyanyulia ikaguliwe mmoja mmoja. Mtu wa winchi afuate ishara za mtu mmoja tu, wengine washushe mikono. Lakini kusimamisha kazi, yeyote anaruhusiwa. Nikamuuliza, "Hata mpishi anisimamishe mie?" Akasema, "Hata mpishi, Bwana Khamis. Hata aliyepanda jana." Nilisaga meno mpaka nikasikia ladha ya mswaki.

Halafu ndipo ikaja hiyo sheria yenyewe: hakuna kuweka mkono juu ya mzigo unaoning'inia. Uongozwe kwa kamba, ukae mbali, na nyuma yako pawe na pa kukimbilia.

Hapo nikasimama. Nikawaambia, sisi watu wa sitaha wa Unguja mzigo tunausalimia. Unapoanza kunyanyuka unauwekea kiganja, unasema, "Nenda salama," unauachia. Nikawaambia mila hiyo nimeianzisha mie. Weye shahidi wangu kwamba hapo sikusema uongo. Siku hizi kila anayepanda meli yetu anafanya, Mpemba, mtu wa bara, kila mtu. Nikawaeleza kwamba kiganja kinajua kama mzigo umeegemea upande, na mzigo uliosalimiwa haukasiriki. Kisha nikawatolea ile hadithi ya kontena lililokatika mkanda mmoja kwenye upepo mkali wa kusi, nikalizuia kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika tangawizi yangu natafuna. Unaikumbuka tangawizi yangu. Haitoki mfukoni, ni ya kulainishia sauti, maana mtu anayepiga kelele sitahani lazima koo lake liwe zima.

Suleiman akauliza, "Lilikuwa tani ngapi, Ami?" Suleiman ni mtu wa Matemwe, ana watoto wawili, tumesafiri pamoja safari tatu, na kila ninachofanya anakifanya. Nikamwambia tani kumi na mbili.

"Mbona juzi ulisema nane?"

"Juzi sikukwambia kama lilikuwa limerowa."

Wakacheka, na mie nikanoga. Nikanoga mno. Mmoja akauliza habari za vidole vyako viwili vilivyokatika, nami nikawapa hadithi ya papa, ile ndefu, weye umeinama unavuta kamba majini, papa akachukua viwili akaona vichungu, vilivyobaki akavisamehe.

Zuhura alikuwa amesimama na chaki mkononi. Akasahau kwamba ni mwalimu. Akasema, "Ami, baba alikuomba uwaambie hivyo?"

Nilimkumbuka alivyokuwa mdogo, alivyojifunza kuhesabu kwa mikono yako, akifika nane anasema, "Basi." Mwalimu wa skuli akamwita mamake, mtoto huyu mbona kwake kumi haipo. Weye ulicheka siku ile mpaka machozi. Mie nilikwenda nje.

Basi, turudi kwenye mashitaka. Maswali nilipita. Kusoma kunanichukua muda, unajua skuli niliiacha ingali inanipenda, lakini alituuliza kwa mdomo na kwa mdomo nani ananiweza. Kilichoniangusha ni vitendo. Wamechora sitaha kwa rangi juu ya saruji, nyuma ya maghala, wakasimamisha nguzo za chuma ziwe ubavu wa meli. Kuna kontena dogo limejazwa magunia ya mchanga, na winchi. Mie nashika kamba ya kuongozea. Nikakaa mbali kama alivyotaka. Kontena likanyanyuka shibiri moja tu, na mkono wangu wa kushoto ukaiacha kamba ukaenda wenyewe. Paa, kiganja juu ya bati.

Zuhura akasimamisha. "Tena, Bwana Khamis."

Tena. Mkono ukaenda. Nilikuwa nautazama kama mkono wa mtu mwengine. Mara ya tatu nikautia mfukoni, akasema mfukoni vilevile hapafai, kamba inataka mikono miwili. Nikautoa, ukaenda. Akaandika kwenye karatasi yake. Nikasikia kalamu ile, kaka, kama inaniandika mie mwilini.

Akamwita Suleiman. Huyu ndiye mwanafunzi wake bora, hakuna swali alilokosa. Kashika kamba vizuri, kasimama vizuri, nyuma yake pana pa kukimbilia. Kontena likanyanyuka. Suleiman akapiga hatua mbele, akaweka kiganja, akasema, "Nenda salama." Kwa sauti yangu. Hata lile la kukohoa kidogo kabla ya kusema, alikohoa.

Mzigo ukazunguka. Sijui upepo, sijui mtu wa winchi, ukazunguka ukagonga nguzo, na mkono wa Suleiman uko katikati. Alivyouchomoa Mungu ndiye ajuaye. Mkono ukatoka, glovu ikabaki.

Alikuwa amepauka kama chokaa. Zuhura akamuuliza kwa upole, "Jana ulinijibu vizuri kuhusu hili. Kwa nini umefanya?" Akasema, "Namfuata Ami Khamis."

Wote wakanitazama. Miaka yote nimetaka watu wanitazame namna ile.

Mzigo ulipotuliwa Zuhura akaiokota glovu. Vidole viwili vilikuwa bapa, kama vimepigwa pasi. Akavitazama, akavitazama, na mie nikajua anatazama mkono wa nani. Akasema, "Leo tumemaliza," akaondoka nayo.

Sasa mtu mwenye akili angenyamaza. Mie nikaenda nyumbani kwako moja kwa moja kumshitaki kwa mamake. Nilikuwa nimekasirika, kaka, na bado nimekasirika, nikikaa tu roho inapanda. Meli inaondoka wiki ijayo. Miaka ishirini na sita sitahani, niachwe nchi kavu nikakae barazani na wazee wanaocheza bao, wananiuliza, "Khamis, leo hukwenda?" Nikamwambia Bi Mwanaisha yote. Mtoto wako hana adabu, ami yake wa damu, mbele ya vijana, na kadhalika. Mkeo akaniacha nimalize. Akanimiminia chai, akanisogezea mkate wa ufuta. Kisha akasema, "Shemeji, ulitaka akupe kadi au akupe sanda?"

Nikarudisha mkate sahanini.

Akasema Zuhura tangu arudi hajala. Glovu karudi nayo nyumbani, kaiweka juu ya kabati lako. Akamwita. Akatoka mtoto macho mekundu, akauchukua mkono wangu akaubusu kama kawaida. Lakini hakuuachia. Akavigusa vidole vyangu kimoja kimoja, hakutaja namba. Alipofika cha mwisho akasema, "Jumatatu utarudia, Ami. Lakini kabla hujashika kamba utasimama uwaeleze kwa nini unaweka mkono. Mie nikiwakataza wananiona nimetoka na vitabu. Weye ndiye wanayekufuata."

Nikamwambia nshawaeleza. Kiganja kinajua mzigo ulivyoegemea.

Akasema, "Sio hiyo. Ile ya kweli."

Sasa kajuaje, kaka? Ulimwambia? Sidhani. Weye hukumwambia mtu, hata siku ile vidole vilipokwenda, tumekufunga kanga ya mpishi mkono mzima, ulichosema ni, "Khamis, kaa chini usianguke." Uliniangalia mie.

Nimekaa na daftari hili tangu adhuhuri. Nimejaribu kutunga sababu nyengine, nzuri, yenye baraka ndani yake. Nimetunga tatu. Moja ina jini. Zote nikimfikiria Suleiman na watoto wake wawili naziona hazisimami.

Hebu nikukumbushe ya kweli, ingawa ulikuwepo. Safari yangu ya kwanza, uliponipandisha kwa neno lako. Bahari iko juu, sitaha inakwenda huku na huku, mabaharia wote wananitazama mdogo wa serahangi. Uliniambia kwa siri, "Ukisikia kichefuchefu shika kitu." Kilichokuwa karibu ni mzigo. Nikauwekea mkono nisianguke, na wakati huo huo ukanyanyuka. Mmoja akacheka, akauliza huyu anafanya nini. Na weye, bila kufikiri, ukasema, "Anausalimia. Kwetu mzigo unasalimiwa." Kisha ukaja ukaweka na mkono wako, ili nisiwe peke yangu. Ukasema, "Nenda salama." Kesho yake wakaweka wawili. Mwezi ukiisha, sitaha nzima.

Ulinisitiri, kaka. Ukaendelea kunisitiri miaka, kila mzigo, mpaka ule mmoja ukachukua vidole vyako. Na mie nikaona niseme ni papa, kwa sababu papa hana aibu.

Basi lala salama, kaka yangu. Kaburi lako nimelifyeka Ijumaa, nimepanda mrehani upande wa kichwani. Nakuahidi Jumatatu nitasimama mbele ya wale kumi. Nitaanza kwa kumwambia Suleiman asinifuate mkono, na nitamwita Zuhura mwalimu. Papa nitamtoa. Kisha nitayasema maneno niliyoyafanyia mazoezi hapa kwako daftarini, maana ni weye peke yako uliyeyajua na hukunicheka.

Mie Khamis, baharia wa miaka ishirini na sita, bahari hunilevya. Tangu siku ya kwanza mpaka safari ya juzi. Na ile tangawizi si ya sauti.