Alama Nyekundu ya Shimo la Saba

Jumatatu, 4 Machi

Kapteni wa klabu ameniletea bahasha nzima ya karatasi. Wanachama waliulizwa: katika mashimo marefu ya uwanja wetu wa gofu, yale ambayo mchezaji stadi hutarajiwa kuyamaliza kwa mapigo matano, unalipenda lipi, na kwa nini? Mimi nilifundisha sarufi miaka thelathini na minne, kwa hiyo nimepewa kazi ya kunyoosha lugha. Kinyaa! Watu wazima, wenye shahada, hawajui nukta inakaa wapi. Mmoja analipenda la pili kwa kuwa liko karibu na baa.

Mimi ningechagua la kumi na mbili. Limenyooka, halina mahali pa kujificha. Lakini karibu wote wamechagua la saba. Sababu ni moja — Shemeji.

Jumanne, 5 Machi

Nimechefuka tangu asubuhi. Karatasi baada ya karatasi, hadithi ni ileile: Julai iliyopita Shemeji, kaka wa mke wangu, alilimaliza shimo la saba kwa mapigo matatu. Kila mtu anasimulia kana kwamba alikuwepo. Mmoja ameongeza upepo, mwingine radi. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi!

Jumapili klabu itazindua kibao kando ya bwawa la shimo hilo. Maneno yake niandike mimi. Shemeji alipita jioni, akala kuliko wenyeji, akaniambia nisibane sifa, maana kumsifu ndugu hakutozwi kodi. Mke wangu alicheka hadi akashika mbavu. Mimi niliondoa sahani.

Alhamisi, 7 Machi

Niandike hapa, maana hapa hasomi mtu.

Katika gofu, kila mchezaji hushika kadi ya mapigo ya mwenzake na mwishoni huitia sahihi; na anayepoteza mpira huongezewa pigo. Kadi ya Shemeji niliishika mimi. Kabla hatujaanza aliniomba niuwekee mpira wake alama, mipira yetu isichanganyike. Nikautia tone la rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu.

Pigo lake la pili liliishia vichakani, ng'ambo ya bwawa. Akazama humo, kisha akapaza sauti kwamba ameupata. Pigo la tatu — shimoni. Niliuokota mimi. Mweupe pepepe, bila alama. Nikamtazama. Akatazama bwawa.

Nikatia sahihi.

Mke wangu alikuwa wiki ya tatu hospitalini. Mimi wodini sikai, harufu ya dawa hunishinda. Shemeji ndiye aliyekuwa akimlisha, kijiko kwa kijiko. Hata siku ile alinitoa yeye, nikapunge upepo. Mtu kama huyo ningemwitaje mwongo?

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Na darasani nilikuwa nawatoa nje wanaonakiliana! Ptuu.

Ijumaa, 8 Machi

Maneno ya kibao yamekamilika. Sentensi moja, safi, kila neno mahali pake. Haina kosa ila uongo.

Jumapili, 10 Machi

Jana Shemeji alileta kiboksi. Ndani, mpira wa kuwekwa kwenye kabati la vioo la klabu. Una alama nyekundu. Leo nitaitwa mbele ya watu niseme kwamba alama hiyo niliiweka mimi.

"Mwalimu," aliniambia, "ukisema wewe, nani atauliza?"

Akaondoka akipiga mluzi. Hata haya hana.

Asubuhi hii, kwenye chai, mke wangu amenieleza kwa furaha. Kaka yake alimwambia alama ya zamani imefutika kwa kushikwashikwa, basi juzi yeye mke wangu ameitia upya, kwa chupa ileile ya rangi ya kucha.

"Nimeipatia, mume wangu? Ndivyo ilivyokuwa?"

Nilisema chai imepoa.

Jambo moja sijaliandika. Siku ya pili baada ya mchezo ule nilirudi vichakani peke yangu, nikapekua hadi nikaupata ule wenye tone langu. Umekaa miezi minane katika droo hii, chini ya daftari hili. Sasa nimeutoa. Yote miwili iko mezani. Alama yangu imepauka, imekaa upande. Ya mke wangu ni duara zuri, inang'aa.

Honi nje. Shemeji amekwisha kukaa kwenye gari. Viatu vya mke wangu navisikia koridoni. Anauliza mpira uko wapi, tunachelewa.

Nimemjibu kwamba uko hapa mezani, aje auchukue mwenyewe.