Magoti ya Avelina Uwanjani

Mashamba ya miwa, Kilombero

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu umeacha kukusumbua. Mimi nipo, ila nimechoka. Tunakata miwa tangu alfajiri, masizi yanaingia mpaka kwenye meno, na hapa kambini hakuna hata mmoja wa kusalimiana naye Kifipa.

Jumapili nilikwenda banda la video kumwangalia Avelina. Najua hutaki kulisikia jina hilo. Tangu mdogo wangu alipoondoka kwenda timu ya taifa bila kukuaga, wewe uko shambani na gari linamsubiri, ulisema hatapita mlangoni mwako mpaka apige magoti na makofi kama binti wa Kifipa. Amecheza Uganda, Zambia, mpaka Moroko, na vitenge alivyokutumia bado vimo mfukoni.

Niliwaambia wenzangu kuwa beki yule, namba tano, ni mdogo wangu. Romani, ninayelala naye chumba kimoja, akasema basi na yeye ni mjomba wa kocha. Banda zima likacheka.

Ilikuwa mechi yake ya mwisho, maana alishatangaza kustaafu. Mwishoni kocha akamtoa. Alipofika kwenye mstari hakutoka. Alipiga magoti, akainamisha kichwa, akapiga makofi polepole, kama tunavyowaamkia na kuwaaga wazazi. Mtangazaji akasema ameumia, wakaja na machela. Mama, hakuumia. Alikuwa anakuaga, baada ya miaka tisa.

Watu wote wale, na aliyejua ni mimi peke yangu. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikamwitikia kwa makofi. Romani akasema pombe imenizidi, na sikuwa nimeonja hata tone.

Sasa nikuambie ukweli. Kesho yake nilimpigia simu, akaniuliza kama mama ameona. Nilijua hukuona. Nikamwambia uliona kwa jirani hapo Mpui, na ukamwitikia kwa makofi. Akasema atakuja ulezi ukianza kuvunwa.

Basi nimesema uongo kwa mdomo wako. Akifika mlangoni atapiga magoti tena. Nakuomba umwitikie. Mimi huku najua makofi yasiyojibiwa yanavyosikika.

Mpe salamu dada Cornelia, na wote watakaoniulizia.

Mwanao,
Wilibrodi