Kimya Changu cha Ijumaa

Jumatatu, 7 Julai

Nashona sare za madrasa. Zimebaki kola. Mteja mmoja kaja kulalamika kwamba pindo limepinda. Halikupinda. Hasira ikapanda, nikaitazama kama tulivyofundishwa darasa la Jumamosi: iko kifuani, ina moto, si mimi. Nikamwambia nitalirekebisha. Akaondoka ameshangaa. Mji mzima unaujua ulimi wangu.

Mama aliona yote kutoka barazani. Akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 9 Julai

Narudia somo la Jumamosi. Mwalimu huja kutoka Dar, mstaafu, mpole, tunakutana chumba cha kupanga nyuma ya soko. Maarifa yenyewe anayaita gnosisi. Anasema mtu si mmoja. Ndani mna umati: mwenye hasira, mwenye husuda, mwenye kiburi, na kila anayeshika usukani hujiita "mimi". Wa kweli amelala chini yao. Ukitaka aamke, hao lazima wafe mmoja mmoja. Kwanza uwaone.

Hilo nalikubali. Hata swala inataka moyo uliohudhuria. Ila anasema kila mtu ana Mama wa kimungu ndani yake, ndiye wa kuombwa awaue. Hapo nimekwama. Mimi namwomba Mwenyezi Mungu peke yake, na mama ninayemjua yuko chumba cha pili anadai uji.

Ijumaa, 11 Julai

Kaka Mbwana kaja kutoka Msata, na mjomba kutoka Kaole. Baada ya swala ya Ijumaa wakaketi ukumbini. Kaka anataka kumchukua Mama akaishi kwake. Presha haishuki, yeye ana gari, na watu wanasema: mtoto wa kiume yuko hai, kwa nini mama alelewe na binti aliyeachika.

Aliyeachika. Mbele yangu. Miaka yote hii mimi ndiye ninayemwogesha. Nikaiona hasira inainuka, kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Nikasema moyoni, leo unakufa. Nikapumua. Nikaangalia mkeka. Mama alikuwa ananitazama, akanitazama muda mrefu.

Mjomba akauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. "Haya," akasema, "kimya ni ridhaa," kana kwamba mimi ni mwari anayeulizwa siku ya kuozwa. Wakasoma Fatiha.

Nasema kweli, nilijiona nimeshinda.

Jumamosi, 12 Julai

Mama ameondoka asubuhi. Kanga zake, dawa zake, msala wake. Nilimbusu mkono. Alisema, "Haya, kaa salama," akapanda gari.

Nikaenda darasani nikahadithia. Wenzangu wakanisifu. Mwalimu hakunisifu. Aliniuliza tu kama nilipata usingizi.

Jumatatu, 14 Julai

Kazi imekwenda haraka. Hakuna wa kunikatiza. Sikupenda.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempigia. Shikamoo, marahaba, alhamdulillahi mzima. Hakuuliza chochote. Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Alasiri Bi Zena, jirani yetu, amekuja kuchukua gauni lake. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni: "Mama yako aliniaga analia. Kasema, mwanangu kanichoka. Anagombana na dunia nzima kwa ajili ya pindo, kwangu mimi kakosa neno."

Nimefunga cherehani. Sijashona tena.

Jumamosi, 19 Julai

Nilimweleza mwalimu mbele ya wote. Nilitaka anitetee. Aliniuliza, "Ulipokaa kimya, ni nani hasa aliyekuwa amekaa pale?" Nikarudi nyumbani nimenuna.

Jibu limenijia naosha vyombo. Alikuwa yule anayetaka kusifiwa. Mwenye hasira nilimkaba koo, mwenye kiburi akakalia kiti chake, wala sikumwona kwa sababu alikuwa mpole. Na mapenzi yangu kwa Mama siku ile yalisimama upande wa hasira. Nikavifukuza vyote viwili.

Naona haya. Kesho naenda Msata.

Jumapili, 20 Julai

Nyumba ya kaka iko jirani na njia panda. Malori hayaishi. Mama yuko msafi, ana feni, wifi anamtunza. Siwezi kusema uongo.

Nilisema kabla hata sijaonja chai. "Kaka, mimi sikuridhia. Nilinyamaza, lakini sikuridhia. Mama namtaka." Sauti ikapanda. Niliiona inapanda, sikuizuia. Ilikuwa yangu.

Kaka akasema, "Mdomo huo Ijumaa ulikuwa wapi? Tumeshasoma Fatiha. Mjomba nikamwambie nini?"

"Mwache aseme," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia. "Ungesema siku ile, mwanangu, nisingelala humu kila siku najiuliza nilikukosea nini."

Nikamshika miguu, nikamwomba radhi. Akasema keshanisamehe. Kaka akatoka, akaketi peke yake ndani ya gari lake. Aliporudi alisema atamleta mwenyewe Jumanne, ila kliniki atampeleka yeye, na mjomba nitamkabili mimi. Sawa. Nimekubali, safari hii kwa mdomo.

Jumanne, 22 Julai

Wamefika kabla ya adhuhuri. Kaka amekula, amenitania kuhusu chumvi, ameondoka.

Jumamosi nitarudi darasani. Bado naamini mtu ana watu wengi ndani yake. Siamini tena kwamba nawajua kwa sura.

Mama ameoga, ameswali, ameketi kitandani kwake. Nikafungua begi nipange nguo zake kabatini. Akaniwekea mkono juu ya wangu, taratibu, bila ubaya wowote.

"Ziache humo humo kwanza," akasema.

Nikafunga zipu. Nikaenda kuinjika chai.